Mguu wa Fundi Zablon na Marhamu Niliyoipenda

Kitu cha kwanza nilichokifanya baada ya kustaafu, wanangu, ni kufuga kucha. Miaka yote ile zilikuwa fupi kama za mtoto wa chekechea, kwa sababu mtu anayesafisha vidonda vya watu hana haki ya kucha. Sasa ninazo kumi, na ninaziangalia kila asubuhi nikinywa chai. Ndizo mafao yangu ninayoyaona kwa macho.

Mlioniomba niwaandikie mambo ya kazi mmejitakia wenyewe, maana mimi nikianza kusema sina breki. Vyeo sitavitaja. Mishahara nayo tuiache ilale. Ninyi mnaobaki kwenye chumba cha vidonda mnataka kujua vidonda, na mimi nimeviona: vya jembe, vya chai ya moto, vya kwato, vya viatu vya mtumba, na kimoja cha mwanamume aliyeng'atwa begani akaniambia ni mbwa. Mbwa gani ana meno bapa namna ile? Nikamwosha, nikamwambia ampe pole huyo mbwa wake, nikamwita mwingine.

Niliripoti mwishoni mwa miaka ya themanini, kwenye zahanati moja ya Kaloleni. Gauni langu jeupe mama alikuwa amelipiga pasi kule Machame mpaka lilitaka kusimama lenyewe. Nilijua nitapelekwa kliniki ya watoto, kwenye wale wanaonukia poda. Wapi! Nilipelekwa chumba cha mwisho, kilichopakana na choo, ambako alikuwa ameketi Mzee Kaaya.

Mzee Kaaya alikuwa Mmeru wa Akheri, dresa wa zamani, yaani wale waliofundishwa kazi ya vidonda kwa mikono kabla vyuo havijawa vingi. Alianza kazi mimi sijazaliwa. Alikuwa mwembamba, mkimya, na koti lake lilikuwa na madoa ya zambarau ya jivii, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyashinda.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Unakiona kile kiti?"

"Nakiona."

"Kaa. Leo usishike kitu."

Nikakaa siku nzima na gauni langu la pasi. Niliona watu thelathini na kitu wakiingia na kutoka, na nilikasirika mpaka mchana. Baadaye nikaanza kuona. Kila mtu alioshwa kwanza. Maji yalichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, yakaachwa yapoe. Mzee aliosha kidonda kuanzia katikati kwenda nje, pamba moja mara moja, anatupa. Kigaga kilicholainika alikitoa, ambacho hakijalainika alikiloweka akazungumza habari za mvua mpaka kilainike. Ndipo akafungua kopo la marhamu.

Kopo lilikuwa moja tu. Marhamu ya tetrasaiklini, ya njano, inayotoka bohari pale inapotoka, na isipotoka tunaishi bila. Mzee aliichota kwa kijiti cha mti, ukubwa wa punje ya harage, akaitandaza nyembamba. Kijiti kikishamgusa mtu hakirudi koponi, hata awe askofu. Siku ya pili aliponiruhusu kushika kitu, nilichota donge nikampaka mtoto gotini kwa upendo. Mzee akanitazama.

"Ndeanka, unapaka kidonda. Hupaki mkate."

Hiyo ndiyo shule yangu, na sijapata nyingine iliyoizidi. Dawa ya kupaka inaua vijidudu inavyovigusa. Ukiipaka juu ya uchafu, inaua uchafu. Ukiipaka nene, sehemu ya juu inaua nguo. Na jipu kubwa lenye usaha ndani, au mtu mwenye homa na michirizi myekundu inayopanda mguuni, huyo si wa marhamu kabisa, huyo mpeleke kwa tabibu akiwa bado anatembea. Siku hizi mnazo semina za siku tatu, na chakula juu. Mzee alinifundisha kwa harage.

Basi biashara zikafunguliwa. Ninyi mlikuta maduka yamejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa. Mwaka mmoja unasaka sabuni ya kipande kama unasaka mume, mwaka unaofuata sabuni za aina sita ziko juu ya turubai Ngarenaro, pembeni ya sidiria za mtumba na redio za betri. Na dawa nazo zikaja. Kila mtaa duka la dawa, na kila duka nyuma ya kaunta kuna mtu aliyevaa koti jeupe ambaye mwezi uliopita alikuwa anauza misumari. Hapo tukapata kazi, wanangu! Zamani wagonjwa walikuja na vidonda. Sasa wakaanza kuja na vidonda vilivyotibiwa.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa rangi mbili, zile kapsuli za dawa ya kumeza, nusu rangi hii, nusu rangi ile. Watu waligundua, sijui nani aliwafundisha, kwamba ukiipasua ina unga, na unga ukimwagwa kwenye kidonda kinakauka upesi. Kweli kinakauka. Kinafanya gamba gumu juu, safi, la kupendeza, na chini yake usaha unaendelea na maisha yake. Mama mmoja muuza ndizi alikuja amekanyaga msumari, ameshamwaga kapsuli nane, na alikuwa anajivunia gamba lake mpaka nikaona huruma kulifungua. Tulipolifungua tulifungua na dirisha.

Tukienda kliniki ya kutembea Nduruma mambo yalikuwa mengine. Kule wafugaji walikuwa na dawa ya buluu ya kupuliza, ya mifugo, ambayo nayo ilijaa madukani kipindi kile. Mzee mmoja aliketi mbele yangu na mguu wa buluu kuanzia kifundo hadi gotini. Nikamuuliza kwa nini amejipulizia dawa ya mbuzi.

"Mbuzi alipona siku nne," akasema. "Mimi nina ubaya gani kuliko mbuzi?"

Nilimwosha, nikamwonyesha maandishi ya kopo alilokuja nalo, tukacheka wote wawili, na naamini alirudi nyumbani akajipulizia tena.

Katika kufunguliwa huko ndipo na mimi nilipopata mapenzi. Ilikuwa marhamu ya neomaisini, kwenye tyubu nyeupe, laini, haina harufu ya mafuta ya taa, haichafui shuka. Unaikamua inatoka kama dawa ya meno. Watoto wenye upele wa usaha puani na mdomoni, ule unaofanya magamba ya rangi ya asali na kuambukiza darasa zima, niliwaosha, nikawapaka, siku ya nne wanarudi na nyuso zao. Akina mama wakaanza kuniulizia kwa jina. "Yuko yule Sista wa tyubu?" Na mimi, sitaficha, nilipenda. Mtu uliyefundishwa kwa kopo moja na kijiti, ukipewa tyubu mpya kila wiki, kichwa kinavimba.

Mzee Kaaya akastaafu katikati ya hayo, akarudi Akheri kwenye migomba na kahawa yake. Akaniachia kiti, jiko na sufuria. Kopo lilikuwa tupu, likawa la kuwekea kalamu.

Sasa niwasimulie habari ya Zablon, maana nilitaka kuandika barua hii nzima bila yeye, kalamu imekataa.

Zablon alikuwa Mwarusha wa upande wa Kisongo, fundi wa kuchomelea pale Ngarenaro. Mtu mpana kama mageti aliyoyatengeneza, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Wakati ule kila aliyejenga nyumba alitaka geti la chuma lenye maua, kwa hiyo Zablon hakuwa na nafasi hata ya kuumwa. Siku moja kipande cha chuma cha moto kikamwangukia kwenye muundi, akakipangusa, akaendelea na geti la mtu. Alipokuja kwangu ilikuwa siku ya sita. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja cha mtoto, kina usaha wa njano na harufu.

Nikamwosha kama nilivyofundishwa. Nikampaka neomaisini, nyembamba, nikafunga. Nikampa tyubu aende nayo, mkewe Mama Neema awe anampaka asubuhi na jioni. Baada ya wiki akarudi, usaha umekwisha, nyama nyekundu safi. Nilitamani kumwonyesha kila mtu.

Na hapo, wanangu, ndipo nilipokosea, siku ambayo kila kitu kilikuwa kizuri. Vijidudu vilikuwa vimekufa, kazi ya dawa ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa maji ya chumvi, gozi safi la kufungia kidonda na subira. Lakini mimi nikamwambia, "Endelea nayo mpaka kifunge kabisa." Kwa nini? Kwa sababu niliipenda. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Wiki ya pili akaja anajikuna juu ya suruali. Nilipofungua nikaona wekundu kuzunguka kidonda, na vipele vidogo vyenye maji. Nikasema moyoni, wadudu wamerudi. Sisi tumelelewa hivyo: dawa isipofanya kazi, ongeza. Ugali usipoiva unaongeza moto, si ndiyo? Nikaongeza. Mara tatu kwa siku, na safari hii nikamwambia wapake nene kidogo. Laiti Mzee Kaaya angekuwa kwenye kile kiti!

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, benchi la nje likiwa limejaa, Zablon akasimama mlangoni. Hakuwa na kicheko.

"Sista, naomba nikuambie kitu. Dawa iliniishia Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi mguu ukatulia kabisa, nikalala kama mtu. Jana Mama Neema amenunua nyingine, amenipaka, umewaka moto upya. Naona mimi na hii dawa hatuelewani."

Nisomeeni vizuri hapo. Mgonjwa alinipa jibu lote, mkononi, limemenywa. Nami nikasikia jambo moja tu, kwamba ameacha dawa siku mbili.

"Umeacha dawa?" Sauti yangu ilifika barabarani. "Zablon, mimi nikikuambia mara tatu, wewe unapaka ukijisikia? Halafu ukioza uje useme Sista hajui kazi! Wewe ni fundi wa mageti au ni daktari? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe hilo guu unalo tayari!"

Benchi likacheka. Nilikuwa na ulimi, si mnanijua. Wakacheka akina mama, akacheka mzee mmoja mwenye fimbo mpaka akakohoa. Zablon, mtu mkubwa vile, akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa daftari. "Samahani, Sista," akasema. Akaingia, nikampaka mwenyewe, nene, nikafunga na bandeji kuanzia kifundo mpaka chini ya goti.

Wiki ya nne aliletwa ameshikwa mabega. Mguu ulikuwa mwekundu wote, umevimba, unatoa maji mpaka bandeji ililowa. Karakana ilikuwa imefungwa, na watu waliosubiri mageti wameziba milango kwa mabati. Mama Neema, mkewe, alikuwa amekonda kuliko mgonjwa, na ana watoto wanne nyumbani. Tabibu wetu akaangalia, akasema hivi ni vijidudu sugu vinavyopambana na dawa, akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali siku ya Jumatatu. Alinivuta pembeni lakini kile chumba hakikuwa na pembeni.

"Wakikuta ugonjwa umefika mfupani, sista, wataukata huo mguu."

Zablon alisikia. Aliniuliza mimi, taratibu kabisa, "Sista, fundi mwenye mguu mmoja anainuaje geti?"

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo bila mapambo. Nilikuwa nimetibu mamia ya watu, na mguu ule ulikuwa unaharibika chini ya mikono yangu kila nilipouhudumia zaidi, na sikujua kwa nini. Ilikuwa Jumamosi. Nikawaambia, "Kabla ya Jumatatu kuna mtu mmoja nataka auone."

Jumapili baada ya ibada tukaenda Akheri. Gari ilikuwa pikapu ya mteja mmoja wa Zablon. Yeye na Mama Neema mbele na dereva, mimi nyuma na nusu ya geti la mtu, na gauni langu la kanisani. Kuanzia Tengeru kupanda juu kulikuwa na matope, na kila tukiyumba geti linanijia. Nikasema haya, nimestahili.

Tulimkuta Mzee Kaaya kwenye migomba, amevaa buti na shati la sherehe ya mtu. Tukamwamkia. Hakuuliza tumefuata nini. Alimwona Zablon akishuka, akasema, "Maji ya moto," na mkewe akaingia jikoni.

Akaosha mguu wote mpaka marhamu ikatoka. Ilichukua muda mrefu, nilivyoipaka. Halafu akavaa miwani akainama. Hakuanza na kidonda, akaanza na ukingo wa wekundu, akaufuata kwa kidole bila kuugusa.

"Wekundu umeishia hapa, mstari umenyooka. Bandeji iliishia wapi?"

"Hapo hapo," nikasema.

"Wadudu hawafuati bandeji. Kijana, inauma au inawasha?"

"Inawasha, mzee. Inawasha mpaka nakuna na brashi ya waya."

"Ya waya!" Mke wa mzee alishika mdomo.

"Homa?"

"Sina."

Akambonyeza kinenani kutafuta tezi zilizovimba. Hazikuwepo. Akanyanyua uso, akamtazama Zablon usoni kwa mara ya kwanza.

"Na hapo kidevuni?"

Kidevu! Mimi nilikuwa nimekiona kidevu kile siku mbili nzima, kimevimba, kina vipele, nikadhani ni vipele vya joto.

"Nilijikata na wembe," Zablon akasema. "Nikapaka ile ile ya Sista."

Mzee Kaaya akavua miwani, akaifuta na pindo la shati. Alikuwa hana haraka hata siku moja, na siku hiyo nilitamani nimtikise.

"Usaha ulikwisha lini?"

"Wiki ya kwanza," nikasema.

"Na nani alimwambia aendelee?"

"Mimi, mzee."

"Ndeanka, mguu huu hauna wadudu. Una dawa yako."

Akatueleza huku tukinywa kahawa. Kuna watu ambao ngozi yao inaikataa dawa fulani. Haiikatai siku ya kwanza. Inaizoea, inaijua, halafu inaichukia, hasa ikipakwa siku nyingi kwenye ngozi iliyochubuka na kufungwa. Alisema ujanani mwake aliona jambo hilo na poda ya salfa, ile waliyoinyunyizia kila kitu, na kwamba yeye mwenyewe alimnyunyizia mtu mmoja mwezi mzima kabla hajashtuka. Hakusema hivyo kwa kunifariji. Mzee hakuwa mtu wa kufariji, alikuwa anatoa maelezo.

"Acha dawa yote," akamwambia Zablon. "Kitambaa safi, maji ya chumvi yaliyopoa, weka, ondoa, weka tena. Mguu uwe juu ya mto. Gozi kavu, basi. Jumatano usipotulia, au ukipata homa kabla, nendeni hospitali mbio, na mkifika semeni mlipaka nini." Kisha akachukua tyubu yangu, akakamua punje moja, akampaka Zablon sehemu ya ndani ya mkono, ngozi nzima isiyo na kitu, akafunika na plasta. "Hii usiifungue mpaka Jumatano."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa tabibu kabla hajafungua. Nilimweleza. Alinitazama kama nimemwambia nimeota. Lakini alimheshimu Mzee Kaaya, kila mtu alimheshimu, na kwa kuwa hakukuwa na homa akakubali barua isubiri hadi Jumatano. "Ikiharibika, sista, ni juu yako," akasema. Nikamjibu kwamba imeshakuwa juu yangu wiki tatu.

Jumatano akaja mwenyewe, na fimbo. Nilifungua gozi. Uvimbe ulikuwa umeshuka, vifundo vinaonekana, maji yamekauka. Tukabandua plasta ya mkononi, na chini yake, palepale lilipowekwa lile tone, palikuwa na duara jekundu lenye vipele, linawasha. Sijawahi kufurahia upele wa mtu maishani mwangu isipokuwa ule. Tabibu akaichana barua ya rufaa vipande viwili, halafu vinne. Mama Neema akaketi sakafuni palepale, akamshukuru Mungu kwa Kimaasai, lugha ya Waarusha, mpaka benchi likaitikia amina bila kujua ni nini.

Wiki tatu baadaye ngozi ya zamani ilikuwa imebanduka yote, imeota mpya, na kile kidonda cha kwanza kimefunga. Cheche zikarudi Ngarenaro. Ukipita unasikia nyundo na kicheko.

Hapo ingekuwa mwisho mzuri, mimi nimetulia, mgonjwa amepona. Ila kuna jambo lilikuwa linanila. Katika wiki hizo zote sikumwambia neno. Enzi zetu muuguzi hakuomba radhi kwa mgonjwa. Tulisema pole, na pole ni neno la kumpa mtu aliyeumizwa na kitu kingine. Nilimfunga gozi, nikatania, nikauliza habari za watoto. Na siku moja nikamsikia mama mmoja benchini akimwambia, "Si unaona? Ungemsikiliza Sista mapema usingeteseka hivyo." Zablon akajibu, "Ndiyo, mama." Akanibebea aibu yangu juu ya ule mguu wake, wala hakuisema kwa mtu.

Niliona vibaya mpaka nikashindwa kula mchana.

Siku ya kumwandikia ruhusa ilikuwa Jumatatu tena, benchi limejaa. Badala ya kumwita ndani nikatoka mimi, na kadi yake mkononi. Nikawaambia watu wote waliokuwepo: huyu fundi niliyemgombeza hapa hakukosa. Aliniambia dawa inamdhuru, nami nikamcheka. Mguu huu ulitaka kukatwa kwa ajili ya marhamu niliyompaka mimi. Nikamgeukia. "Zablon, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliangalia viatu vyake. Zablon alisimama kwa miguu yote miwili, akaipokea kadi, akaitazama upande huu na upande huu.

"Umeandika nini hapa kwa wino mwekundu?"

"Ili usipakwe tena popote utakapokwenda."

"Nisomee kwa sauti, Sista. Siku ile ulisema kwa sauti."

Nikasoma: "Asipakwe neomaisini. Ngozi yake inaikataa."

"Haijakwisha," akasema, na kadi akanirudishia. "Andika kwamba nilisema."

Nikaegemea ukutani nikaandika: "Mgonjwa alisema mwenyewe wiki ya tatu."

"Na wewe?"

Wino ulitaka kukataa, nikaushinda. Nikaandika, "Muuguzi hakusikiliza," nikatia na jina langu lote, nikamsomea.